Pipa Jeupe Chini ya Kitanda

Nahodha alinifumania nimepiga magoti, pua yangu imezama ndani ya buti lake.

"Mpishi," alisema polepole, "kwani wewe hukushiba?"

Nimepika kwenye meli za bendera nyingi, nimetukanwa kwa lugha nisizozijua, lakini mchana ule nilikosa pa kuuweka uso. Nilikuwa natafuta uvundo. Tangu tutoke bandarini, chumba cha kulala cha boti yetu ndogo kilinuka kama mdomo wa mgonjwa asiyepiga mswaki. Nilishanusa soksi za kila mtu, zangu zikiwemo. Hizo nusura zinizimishe, lakini hazikuwa zenyewe.

"Si buti," nilimwambia. "Ni hicho kilichoko chini ya kitanda."

Chini ya kitanda kulikuwa na pipa jeupe lenye chelezo, ule mpira unaojijaza hewa boti ikizama, watu wakapanda. Mahali pake ni juu ya paa, peupe, kimefungwa kwa mkanda unaojifyatua wenyewe majini. Nahodha alikiokota kikielea bandarini, hakina mwenyewe, akakificha huku chini kisije kikaibiwa. Na tulikihitaji kwelikweli: boti ilikuwa inavuja, na pampu ilikohoa kuliko babu yangu.

"Shemeji, kipandishe juu," alinong'ona fundi wa injini, ambaye dada yake ni mke wa nahodha. "Hicho kinameza mate. Nimekisikia."

"Mwanamume mzima unaogopa plastiki!" nahodha alimcheka.

Ili kumaliza ubishi, nikajitia kulivuta mimi. Nilishika kamba iliyochomoza kwenye pipa. Ilikuwa ya moto, telezi, kama utumbo wa samaki aliyepasuliwa sasa hivi. Nikavuta. Kumbe ndiyo ya kujazia hewa.

Pipa likapasuka na chelezo kikaanza kuvimba mle mle ndani, kikaziba mlango, kikanibana ukutani shavu kwa mpira, na mpira ule ulikuwa na vinyweleo, na vinyweleo vilikuwa vimelowa ute wa manjano ulionipenya puani na mdomoni, na kilipokwisha kuvimba hakikutulia bali kilinywea, kikavimba tena, kikanywea, kama kifua cha mtu aliyelala, mpaka mlango wake wa turubai ukajifunua mbele ya uso wangu na ndani, badala ya sakafu, nikaona ulimi mpana, mweupe, uliogandwa na kucha za watu.

"Karibuni," kikasema, kwa adabu kabisa.

Fundi alikichoma kwa kisu cha kupasulia samaki. Hewa haikutoka, ulitoka mcheuo. Tulikikatakata, pipa na vyote tukavitupa baharini, vikazama. Mimi nikatapika ndani ya buti lile lile la nahodha.

Asubuhi pampu ilianza kukatika-katika na maji yakapanda. Tukashuka kuokoa magodoro.

Chini ya kitanda lilikaa pipa jeupe, kavu, zima, limefungwa vizuri. Halikunuka tena. Lilinukia dawa ya meno.

Juu yetu pampu ilikohoa mara moja, ikanyamaza.

"Sasa..." Nahodha alijifuta jasho. "Boti ikizama, hatuna kingine cha kupanda ila hicho."

Fundi aliinama akavua viatu.

"Panda wewe, shemeji. Mimi naogelea."