Unga Mwekundu wa Springi

Kisu kilipanguswa kikawa safi, na kabla viazi havijachemka kikawa kimeota unga.

Ulikuwa unga mwekundu, laini kuliko wa mhogo, umejipanga kwenye makali. Mukankusi aliupangusa tena kwa kanga yake.

"Baba Zulufa, kisu yako iko na kutu!"

"Kutu gani? Ile kisu ni mupya."

"Kuja uone, basi."

Muhamadi, mumewe, hakwenda. Alikuwa fundi wa malori hapa Gisenyi, na fundi haitwi jikoni kuonyeshwa unga ule. Kutu ya mvua hukaa juu ya chuma, kila mtu akaiona. Unga huu hutoka kwingine: vyuma viwili vimebanwa kwa bolti, unaapa kwamba vimekaza, kumbe ndani vinasuguana kidogo kidogo kila gari linapotikisika. Kikulacho ki nguoni mwako, na chuma nacho huliwa na jirani yake. Ukiona unga mwekundu kati ya mapande ya springi, yale mabapa ya chuma yanayobeba lori, fungua upesi, maana ufa umeshaanza.

Naye aliuona. Aliuona kwenye lori la patron wake, tajiri aliyemwajiri, asubuhi ile dereva Ndayisaba alipokuwa akipakia mitungi ya urwagwa, pombe ya ndizi, kupeleka Mudende. Kufungua springi ni kazi ya kutwa, na patron alikuwa ameshaanza kufoka. Muhamadi akachovya kitambaa kwenye petroli, akaupangusa unga wote, akamimina mawese kati ya mapande ili yasilie njiani.

"Iko muzuri?" Ndayisaba aliuliza, mguu mmoja tayari ndani ya gari.

"Iko muzuri. Enda."

Springi ilikatika mteremkoni. Lori likapinduka, mitungi ikampasukia dereva, na waliomtoa walinusa pombe ya ndizi tangu kichwani mpaka miguuni. Waislamu wa mjini hawakutaka ushahidi mwingine. Ndayisaba, mtu wa safu ya mbele msikitini, amekufa mlevi! Wakamzika harakaharaka, na hitma hakuna aliyeisoma. Mjane wake, Saidati, alipopita sokoni watu walitazama kando. Muhamadi naye alitazama kando, yeye aliyejua kila kitu.

Vipande vya springi vilikwenda kwa mhunzi wa Busasamana, kama ilivyo desturi, kwani chuma cha kisu hakuna kinachoshinda springi ya lori. Mhunzi, kwa ukarimu wake, akamletea fundi kisu kimoja. Akikataa aseme nini? Alikipokea kwa mikono miwili na kukiingiza nyumbani mwake, mjinga yule.

Baada ya kisu zikafuata bawaba za mlango, kisha funguo, kisha sindano ya Mukankusi ikiwa bado imechomekwa kwenye nguo. Kila chuma kilitoa unga, na kila alichokipangusa Muhamadi kilizidi. Halafu sauti ikaanza, mchana kweupe: kwii, kwii, mlio wa springi mtu mzito anapopanda garini, nayo ilitoka chumbani ambako hapakuwa na mtu.

"Umesikia?" Mukankusi alinong'ona.

"Ni panya."

"Panya iko na harufu ya petroli?"

Alasiri moja mvua ilikuwa ikipiga bati na Mukankusi amejilaza kidogo, na Muhamadi, aliyekuwa akivua viatu mlangoni, akasikia ule mlio umetoka ukutani ukahamia kitandani, akasogea, akamwona mkewe anasaga meno, lakini meno ya mtu hayalii hivyo, yalilia chuma kwa chuma, polepole, na unga mwekundu ukawa unamtoka pembeni mwa midomo na kushuka shavuni mpaka kwenye mto, kisha macho yakafunguka, yakamtazama yeye moja kwa moja, na sauti nene ya mwanamume ikauliza:

"Iko muzuri?"

"Iko muzuri," Muhamadi alijibu, kwa woga na kwa mazoea.

Taya zikabana zaidi. Jino likakatika.

Alimkimbilia Mwalimu wa msikiti kwenye mvua, bila viatu. Mwalimu akaja na ubani wake, akasoma mpaka sauti ikamkauka, na kila alipopumua, kinywa cha Mukankusi kiliuliza lile lile.

"Ayiwe, ni Ndayisaba," Muhamadi alinong'ona.

"Mufu harudi. Hii ni jini yenye ilikuwa inatembea naye. Ilisikia kitu mulisemezana. Donc, inauliza nini?"

"Mi sijui."

"Unajua. Mi ndiye nasoma, lakini inaangalia we."

Jino jingine likalia. Muhamadi akapiga magoti kando ya kitanda cha mkewe.

"Haikuwa muzuri," alisema. "Niliona unga, nikapangusa. Nilijua itakatika. Hakukunywa, Mwalimu. Hakuonja hata tone. Mi ndiye nilimuua."

Taya zikalegea. Mukankusi akatema damu, damu ya kweli ya mtu, akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe. Muhamadi akamshika mkono. Mukankusi akauondoa.

Mwalimu alikuwa ameketi chini, chetezo kimezimika mapajani.

"Na mi ndiye nilikataa kumusomea hitma," alisema. "Simama. Tunaenda kwa Saidati."

Saidati aliwasikiliza wote wawili mlangoni, hakuwakaribisha ndani. Walipomaliza, alijifunga kanga, akatangulia. Alibisha hodi nyumba ya kwanza ya jirani, ya pili, mtaa mzima, na kila mlango ulipofunguka alimgeukia Muhamadi na kumwambia neno moja: "Sema." Muhamadi akasema, milango yote. Mficha maradhi kilio humuumbua.

Hitma ikasomwa Ijumaa. Watu walijaa mpaka uani, waliomwita marehemu mlevi wakisoma kwa sauti kubwa kuliko wote. Muhamadi alipewa nafasi mkekani, na kulia kwake na kushoto kwake hakuna aliyekaa.

Saidati alipita na sahani za pilau. Alimwekea na yeye.

"Kula," alisema. "Watu wamekuja, jina yake imerudi. Kusamehe, mi bado sijafika huko."

Muhamadi akanawa, akala.