Wapokea Uchovu

Mzee Ndekirwa Urassa alikuwa akipanda mlima huku akipiga mluzi. Jambo hilo lisingemshangaza mtu kama si nyonga zake: ya kushoto ya bandia, ya kulia imelika nusu, na daktari alishamwambia miaka sita iliyopita kwamba mlima aliobakiwa nao ni ngazi za nyumbani kwake. Ilikuwa Julai, katikati ya kipupwe. Kwenye uwanda wa Shira, upande wa magharibi wa Kilimanjaro, umande ulikuwa umeganda juu ya majani, na kila mzee alipokanyaga ulisikika mvunjiko mdogo, kama mtu anayetafuna bisi. Alitafuna hivyo kilomita nne bila kupumzika.

Siri ilikuwa koti. Lilikuwa la kijivu, jepesi, halina umaridadi wowote, na nchi nzima ilikuwa ikilizungumzia. Waliliita kotihamishi. Ndani yake mlikuwa na nyuzi laini zilizosoma ishara za uchovu katika mishipa ya fahamu ya aliyelivaa, zikazikatiza kabla hazijafika ubongoni, na kuzirusha hewani hadi kwenye mnara. Mvaaji alitembea, misuli yake ilifanya kazi, lakini uchovu wenyewe hakuuona. Uchovu ulikwenda kwingine.

Aliyelibuni alikuwa nyuma ya mzee kwa hatua ishirini, anahema. Injinia Aikande Lyatuu alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, na kwa muda wa mwezi mzima alikuwa hajalala zaidi ya saa nne kwa siku. Hakuvaa koti. Alisema lazima mmoja wao awe na akili timamu ya kusoma vipimo, lakini ukweli ni kwamba hakulipenda sana mwilini, kama mpishi asiyekula chakula chake.

"We mpagazi!" Ndekirwa aliita bila kugeuka. "Leo umekuwa konokono?"

"Nakuja, Mkuu."

Alimwita Mkuu kwa sababu ndivyo alivyomwita tangu zamani. Miaka thelathini iliyopita Aikande alibeba mizigo kwenye mlima huu ili apate ada ya chuo, na Ndekirwa ndiye aliyekuwa mkuu wa msafara. Safari moja, akiwa na kilo ishirini kichwani na mvua ya barafu usoni, aliapa kwamba akisoma atatengeneza kitu ili mtu yeyote asichoke tena namna ile. Watu wengi huapa mlimani na kusahau wakifika getini. Yeye hakusahau.

Kesho yake, saa tatu asubuhi, alitakiwa kutia saini cheti cha usalama cha kotihamishi. Mpaka sasa lilikuwa limevaliwa na watalii tu. Baada ya saini yake lingekwenda migodini, bandarini na kwenye mashamba ya chai, na Kampuni ya Wepesi ingeajiri wapokezi elfu nane. Fomu ilikuwa tayari ndani ya simu yake, imejazwa yote isipokuwa jina lake. Kabla ya hapo aliomba siku moja tu: apande na rafiki yake vilele vitatu vya ukingo wa Shira, wamalizie na kile ambacho waongozaji hukiita Kanisa. Alijiambia kwamba anampa mzee zawadi. Kusema kweli alitaka zawadi yeye. Alitaka kusikia kutoka kwa Mkuu kwamba amefanya jambo jema.

Kilele cha kwanza walikifikia saa nne kasorobo. Ndekirwa alisimama juu ya jiwe, akautazama uwanda wote uliokuwa mweupe kwa barafu, machozi yakamtoka na wala hakuyafuta.

"Sikudhani nitaona tena huku," alisema. "Ahsante, Aikande." Kisha akaketi, akamenya yai. "Haya, nieleze kama unavyomweleza mtoto. Huu uchovu wangu uko wapi sasa hivi?"

Aikande alimweleza. Mwanzoni alijaribu kuuua uchovu, akashindwa. Ukiukata tu, hurudi baada ya saa moja ukiwa mara mbili. Uchovu haufi, huhama. Ndipo akajenga ukumbi nje ya mji wa Sanya, vitanda arobaini, na juu ya kila kitanda mpokezi aliyevaa shuka la nyuzi zilezile. Anayepanda hachoki, aliyelala huchoka kwa niaba yake, kisha hulala usingizi na asubuhi anaamka mzima, kama mtu yeyote aliyefanya kazi akapumzika.

"Kwa hiyo yupo mtu."

"Wapo wengi. Kawaida tunaugawanya, kila mmoja anapata kidogo. Leo si msimu, wengine wako likizo. Unapokelewa na mmoja, namba kumi na saba."

"Namba kumi na saba," Ndekirwa alirudia. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi."

"Hapana, Mkuu, tunapima!" Aikande alisema haraka, maana hilo ndilo swali alilojiandaa nalo. Akamwonyesha simu. "Kila baada ya saa moja bangili inamuuliza: umechoka kiasi gani, kuanzia sifuri mpaka kumi? Tazama. Saa mbili, amejibu mbili. Saa tatu, mbili. Wapokezi wote, kwa miaka miwili, wastani ni mbili. Hakuna kazi nyepesi kama hiyo Tanzania hii."

Ndekirwa aliitazama ile safu ya mbili, mbili, mbili. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka yai likamdondoka.

"Umewatoa wapi watu hawa?"

"Ni wapagazi wa zamani. Wana mapafu mazuri, na koti liliwaondolea kazi, maana watalii sasa wanabeba mizigo yao wenyewe, kwa hiyo tuliona ni haki wao—"

"Wapagazi." Kicheko kilikwisha ghafla. "Na wewe ulipokuwa chini ya mzigo, mimi nikikuuliza umechoka, ulikuwa unanijibu nini?"

Aikande alijua alichokuwa akijibu. Kila mpagazi alikijua. Mkuu akiuliza, unasema nipo fiti, hata kama miguu imekufa ganzi, kwa sababu anayesema amechoka ndiye ambaye jina lake halisomwi safari ijayo. Hakuna aliyewafundisha, mtu alifika mlimani siku ya kwanza akalikuta jibu hilo linamsubiri. Yeye mwenyewe alilisema siku ile ya mvua ya barafu, meno yakigongana. Halafu akasoma, akapata shahada tatu, akawafunga bangili watu walewale, akawauliza swali lilelile, na jibu lao akaliita takwimu.

Waliendelea kupanda. Ndekirwa hakupiga mluzi tena. Katika kilele cha pili, upepo ukiwa mkali kiasi cha kuumiza masikio, alisema, "Nipigie namba kumi na saba."

"Sheria hairuhusu mvaaji kujua mpokezi wake."

"Mimi nimeongoza misafara miaka thelathini na moja. Hakuna mtu aliyepanda nami bila kujua jina la anayembebea mzigo. Hakuna. Nipigie, au nilivue hili koti nilitupe bondeni, ukalieleze kwa wakubwa zako."

Alifungua laini. Sauti iliyojibu ilikuwa ya mwanamume, nzito, kama mtu aliyeamshwa.

"Kumi na saba hapa. Nipo fiti."

"Jina lako nani, kijana?"

"Mkuu? Mkuu Ndekirwa, ni wewe? Shikamoo, Mkuu! Ni Zefania. Zefania Palangyo, niliyekuwa nabeba mahema."

"Marahaba, Zefania." Mzee alifumba macho. Aikande naye alimkumbuka: kijana wa Kimeru mwenye mabega mapana, aliyekuwa akibeba mahema mawili huku wengine wakilalamikia moja. Sasa angekuwa na miaka hamsini hivi. "Zefania, sikuulizi kama umechoka. Umekula nini leo?"

Laini ilikoroma kwa upepo.

Aikande alikumbuka. Mkuu aliuliza hivyo kila asubuhi kambini. Alikuwa ameng'amua zamani kwamba mpagazi atadanganya kuhusu miguu na kifua, lakini hajui kwamba chakula nacho ni kipimo. Mtu aliyechoka kawaida hula sana. Aliyechoka kupita kiasi hawezi kumeza. Aliyesema "chai tu" Ndekirwa alimshusha siku hiyohiyo, bila kumwambia mtu sababu.

"Chai," Zefania alisema hatimaye. "Nilikunywa chai."

"Na jana?"

"Jana dada yangu alikuja akanilisha uji. Kijiko ni kizito kidogo, Mkuu. Lakini nipo fiti. Wewe tembea, usiwe na wasiwasi. Nimefurahi ni wewe."

Ndekirwa alilivua koti. Aikande aliona uchovu unavyomfikia, kwanza magotini, kisha usoni, na mzee akashika jiwe asianguke. Ulikuwa wa kuanzia dakika ile tu, basi, uchovu wa mzee mgonjwa juu ya mlima. Ule wa asubuhi nzima ulibaki Sanya.

"Haiwezekani," Aikande alisema. "Analala. Kila mpokezi analala saa kumi. Usingizi unapaswa kuumaliza."

"Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake," mzee alisema, naye hakuwa akitania.

Aikande alilichukua koti kutoka mikononi mwake. Lilikuwa bado na joto la mzee. Ndani ya ukosi mlikuwa na swichi ya mafundi, ya kugeuza mwelekeo ili koti lipokee uchovu badala ya kuurusha, iliyotumika maabara kwa dakika mbili tatu tu. Alilivaa, akafunga zipu hadi kidevuni, akaigeuza.

Alitarajia maumivu. Hakuumwa popote. Ni kwamba tu mambo yalianza kuwa mbali. Chupa ya maji ilikuwa mbele ya mguu wake, akafikiria kuinama, kuishika, kuifungua, akaona kazi hiyo ni ndefu mno, akaiacha. Alitaka kulia na hilo nalo lilihitaji nguvu. Akaketi kwenye barafu. Wagonjwa na wachovu aliwahi kuwaona, na yeye mwenyewe alijiona mchovu mwezi mzima, lakini huu ulikuwa uchovu usio na njia nyuma yake. Miguu ya Zefania haikuwa imekwenda popote. Mwili wake haukujua ulichokifanya, kwa hiyo haukujua unapumzika kutokana na nini, na kila asubuhi uliamka na wa jana, ukapokea wa leo juu yake. Miaka miwili ya milima ya watu wengine ilikuwa imelala ndani ya mtu mmoja, na alipoulizwa akasema mbili.

Alilielewa hilo kama mwanasayansi, kwa uwazi kabisa, huku akishindwa kuufunga mdomo wake.

"Simama," Ndekirwa alisema. "Huu hautoki kwa kuketi. Utembezwe."

Walishuka. Kilele cha tatu walikiacha kilipo, hakuna hata aliyekitazama. Mzee mwenye nyonga mbovu alitangulia kwa fimbo, injinia akamfuata ameshika mkanda wa begi lake, kama vipofu wawili waliogombana wakapatana. Kila alipotaka kuketi mzee alimtukana, matusi ya kambini, ya zamani. Mara mbili alianguka. Mara moja walianguka wote. Jua lilikuwa limeshayeyusha barafu, na njia iliyokuwa ikivunjika chini ya viatu asubuhi sasa ilikuwa tope tupu.

Walilifikia gari saa kumi jioni. Aikande aliegemea tairi. Hakuwa amelivua koti. Kitu kidogo kilikuwa kimepungua kwa kutembea, kiasi cha kumwezesha kuinua simu, ambayo ilikuwa ikiita.

"Injinia?" Ilikuwa sauti ya Zefania, nyepesi kuliko asubuhi, yenye haraka. "Sijui kimetokea nini, nimeamka. Nimekula ndizi mbili na nyama. Mbili nzima! Nimesimama dirishani. Injinia, nakuomba, usinifukuze kazi. Najua nimesema ovyo kwa Mkuu kuhusu kijiko. Kesho kuna kundi la wageni kumi na wawili, naweza kuwapokea hata peke yangu. Nipo fiti kabisa."

Ndekirwa, aliyekuwa amelala chali kwenye nyasi, aligeuza kichwa kumtazama Aikande.

"Zefania," Aikande alisema. Ulimi ulikuwa mzito, ikambidi alitafute kila neno. "Usinidanganye. Uchovu wako ninao mimi. Umo mwilini mwangu saa hizi, najua una uzito gani. Mimi nimeubeba saa tano na nimetamani kufa. Sasa niambie wewe."

Aikande akasikia mtu mzima, mwanamume wa mahema mawili, akianza kulia bila kujizuia, kwa sauti.

"Nimechoka, dada," Zefania alisema. "Jamani, nimechoka."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa kwanza wa kazi. Tumechoka wote humu. Aliyelala kitanda cha tisa haamki wiki ya tatu sasa, tunambonyezea bangili sisi."

Aikande aliifungua fomu ya kesho. Ilimchukua muda kuipata ile safu ya takwimu. Aliifuta yote, miaka miwili, mstari kwa mstari, mpaka ukurasa ukabaki mtupu. Halafu akasema, "Anza na wa kitanda cha tisa. Anaitwa nani?" Akaanza kuandika.