Maziwa ya Pole na Barua ya Wakili

Wewe uliona. Usiniambie hukuona. Siku madalali wa korti walipolivuta gari la jirani yetu Noordin hapa mtaani Waberi, ulikuwa umesimama pale pale. Uligeuza uso, ukauliza kama chai iko tayari. Noordin aliletewa barua ya wakili, akanyamaza. Akaletewa samansi, wito wa korti, akanyamaza tena. Korti ikaamua bila kumsikia. Nawe unayejua kusoma ulijua karatasi zile ni za nini. Hukufungua mdomo. Miaka imepita, lakini mimi sisahau.

Basi kaa hapa nikusimulie habari ya Shurie. Hii ina kicheko ndani yake. Cheka, lakini shika maneno.

Shurie anauza maziwa ya ngamia. Kila asubuhi anaendesha gari lake dogo mpaka sokoni, madumu yakigongana nyuma. Mumewe, Abdihafid, hachoki kumtania.

"Leo usikimbize gari, mama Ayan."

"Nikimbize hili? Gari lenyewe linakohoa kuliko wewe!"

Asubuhi moja mkokoteni wa punda ulisimama katikati ya barabara. Punda alikataa kwenda. Shurie naye akasimamisha gari, akangoja. Pembeni, mbele ya duka la mbao, Mwalimu Koome alikuwa anatoa gari lake kinyumenyume. Hakuangalia. Likarudi, likarudi, pu! Likagonga mlango wa gari la Shurie. Mlango ukabonyea. Taa ya nyuma ya Koome ikavunjika.

Hakuna aliyeumia. Wakashuka wote wawili.

"Mama, huoni?" Koome akauliza.

"Mimi nimesimama! Gari lililosimama linaona nini?"

Ramlo, muuza chai wa hapo, aliona yote. Akacheka mpaka birika likatetemeka mkononi.

Jioni Shurie alifanya kama mama yake alivyomfundisha. Watu wakipata mshtuko pamoja, unakwenda kuwajulia hali. Huulizi nani ana kosa. Alijaza dumu dogo la maziwa, akaenda kwa Koome.

"Pole, mwalimu. Pole kwa yaliyotokea."

"Asante sana, mama," Koome akajibu. Akapokea maziwa. Lakini Koome ametoka Meru, na hakuijua desturi hiyo. Moyoni akasema: Kumbe amekubali kosa!

Haukupita muda mrefu, barua ikaja kutoka kwa wakili wa Nairobi. Ilisema Shurie alimgonga Koome kwa nyuma. Ilisema amekiri, kwa sababu alisema pole na akapeleka maziwa. Ilimtaka alipe kabla ya tarehe iliyoandikwa, la sivyo atashtakiwa.

Adeer Abdimalik, ndugu mkubwa wa baba yake Abdihafid, aliigeuza barua huku na huku.

"Iko na muhuri," akasema. "Muhuri ni serikali. Serikali ikisema, maneno imekwisha."

"Lakini adeer, mimi sikumgonga!"

"Nani anakuuliza? Tutauza ngamia. Ile yenye mimba."

Shurie akakaa chini kwa uzito. Ngamia yule alikuwa wake, alipewa na mama yake. Wale wanaokamuliwa sasa watakauka; huyu akizaa, ndipo maziwa yatakapopatikana tena. Akiuzwa, Shurie atapeleka nini sokoni?

Simlaumu mzee sana. Huku kwetu karatasi kutoka mbali ilikuja na amri kwa miaka mingi. Haikuja na swali. Nani alitufundisha kuijibu? Wewe ulimfundisha nani?

Abdihafid naye alikuwa na mpango wake. Alikuwa ameona haya kwa ule mlango uliobonyea. Akachukua nyundo aunyooshe. Ndipo sauti ikatoka ng'ambo ya ua.

"Baba Ayan! Weka nyundo chini! Weka chini kabisa!"

Ilikuwa sauti ya Kathure, jirani yao. Anafanya kazi katika ofisi inayosaidia watu mambo ya sheria. Alikuwa akianika nguo, na maneno yote ya upande wa pili yalikuwa yanamfikia. Akaja, akasoma barua mpaka mwisho.

"Abaayo, dada yangu, wanasema ulimgonga kwa nyuma?"

"Ndiyo."

"Na gari lako limebonyea wapi?"

"Hapa mlangoni."

"Gari lako linatembea kwa ubavu?"

Wakatazamana. Kisha Shurie akaanza kucheka, na Abdihafid akaificha nyundo mgongoni.

"Mlango huu ni shahidi wako," Kathure akasema. "Mume wako alitaka kumpiga shahidi nyundo. Piga picha kwanza. Karibu na mbali. Usitengeneze mpaka bima waone."

"Na muhuri?" Adeer akauliza.

"Ni wa ofisi ya wakili, adeer. Hata duka la mbao lina muhuri."

"Hata mimi naweza kuchongesha?"

"Unaweza. Sikiliza sasa. Wakili anasema yale aliyoambiwa na mteja wake. Barua yake ni madai. Si hukumu. Lakini usiitupe! Ukinyamaza, hatua inayofuata ni samansi ya korti. Samansi ina siku zake za kujibu. Zikipita, korti inaweza kuamua bila wewe."

"Basi nimpigie mwalimu simu nimwombe," Abdihafid akasema.

"Umwombe nini? Usiahidi kulipa. Usikubali kosa ambalo si lako. Mliripoti polisi? Mliwaambia bima?"

Shurie akatikisa kichwa.

"Mlikuwa mnangoja nini, mvua?"

Siku hiyo hiyo walikwenda polisi. Ajali ikaandikwa. Kisha wakaenda kwa watu wa bima na nakala ya barua. Kijana wa ofisini aliwagombeza kwa kuchelewa, na alikuwa na haki. Bima hutaka kuambiwa mapema, hata gari likiguswa kidogo tu. Lakini alipokea kila kitu. Akawaambia wamjibu wakili kwa ufupi, wampe yeye asome kabla ya kutuma.

Wakaenda kwa Ramlo. Akakubali kuandikiwa aliyoyaona, akatia sahihi. "Na punda pia atie?" akauliza.

Usiku haujaingia, Kathure na Shurie walikaa kuandika.

"Andika yeye ni kipofu," Shurie akasema.

"Hapana. Matusi hayajibu madai. Tunaandika yaliyotokea tu."

Waliandika hivi: Nimepokea barua yako. Ninakana kwamba nilimgonga mteja wako. Gari langu lilikuwa limesimama. Yeye alirudi nyuma, akagonga mlango wangu. Nilimpelekea maziwa kwa desturi yetu ya kujuliana hali. Hayo si kukiri kosa. Naomba unionyeshe ushahidi wako. Jambo hili liko kwa bima yangu.

Kijana wa bima akasoma, akakubali. Barua ikatumwa, nakala ikabaki nyumbani.

Mtu wa bima alikuja kukagua magari yote mawili. Aliutazama mlango. Akaitazama taa ya nyuma ya Koome. Akatingisha kichwa, akatabasamu. Baadaye wakili akaandika tena. Mara hii mistari ilikuwa michache: mteja wake ameacha madai.

Jumamosi Koome alibisha hodi, amebeba mkungu wa ndizi begani.

"Mama Ayan, ndizi hizi si desturi," akasema. "Hizi ni kukiri kosa. Nilirudi bila kuangalia. Kisha nikamwambia wakili yale niliyotaka yawe kweli. Bima yangu itatengeneza mlango."

"Wallahi, sema tena," Shurie akasema. "Adeer hakusikia vizuri."

"Nimesikia!" Adeer akapaza sauti. "Lakini sema tena!"

Wakacheka mpaka Kathure akaja kuuliza kuna nini. Akapewa ndizi. Ngamia hakuuzwa. Alizaa, na mtoto wake ni jike.

Sasa wewe. Umesikia mpaka hapa, basi huwezi tena kusema hujui. Kuna mtu karibu nawe ameletewa barua kama ile, na anaogopa. Unamjua. Usimalize chai hiyo. Nenda kwake sasa. Msomee kila neno, mwonyeshe tarehe, mpeleke bima, mpeleke ofisi ya msaada wa sheria. Ofisi bado zimefunguliwa. Inuka!