Aliyeogelea na Pomboo

Siku Bernardine alipomjua Itangishaka, bandari ya Kalundu ilifurika watu hadi pa kukanyaga hapakuwepo. Boti ya Kigoma ilikuwa inashusha mizigo, naye alikuja kupokea vitenge vya kibanda chake cha kushonea sokoni Uvira, amevaa gauni la manjano alilolishona mwenyewe na viatu visivyofaa kabisa kwa matope. Mbebaji mmoja akateleza, robota la vitenge likatumbukia ziwani. Kabla Bernardine hajapata wa kumlaumu, kijana mmoja mrefu alikwisha kuvua shati na kuzama. Aliibuka amelikumbatia robota kama mtu anayecheza nalo dansi.

"Weye, hivyo ni vitenge, si bibi yako," Bernardine akamwambia.

"Bibi nitamutafuta kiisha. Minye naitwa Itangishaka."

"Sikukuuliza jina."

"Najua. Ningengoja uulize, ningezeeka humu mu mayi."

Bernardine akacheka, na kicheko ndicho kilichomponza. Miezi minane walitembea ufukweni kila Jumapili baada ya misa, yeye akifundishwa kuogelea na kukataa kuingia maji yanayopita magoti. Kisha Itangishaka akapata kazi Zanzibar, kuongoza wageni wanaotaka kuogelea na pomboo wa baharini. Mwaka mmoja tu, aliapa, halafu atakwenda Sange kwa baba yake Bernardine kupeleka posa.

Alipiga simu kila siku saa saba mchana, Bernardine akiwa na mkasi mkononi.

"Habari ya bibi zako wa baharini?"

"Leo walikuwa kumi na wawili, mupenzi. Ukiwafuata, banakimbia. Unalala tu juu ya mayi, mikono ubavuni. Unawasikia mbele ya kuwaona: miluzi, na sauti kama mlango unaolia. Mmoja akapita karibu, akaniangalia na jicho moja tu, kama baba yako."

"Baba yangu hajakuangalia bado."

"Ataniangalia."

Jambo ambalo hakumwambia ni kwamba wageni walitaka kuwaona pomboo kwa karibu, na ili pomboo wavutike ilimbidi apige mbizi hadi chini kabisa, mara ishirini, mara thelathini kwa siku. Masikio yalianza kuuma, kisha kutoa usaha. Aliogopa kufukuzwa, akaendelea kuzama.

Simu zikakoma. Badala yake zikaja meseji fupi: niko kazini, tutaongea. Bernardine alipiga wiki nzima. Siku ya nane ikapokelewa na mwanamke.

"Huyu hawezi kuongea nawe kwenye simu," sauti laini ya kipwani ikasema.

"Weye ni nani yake?"

"Niko naye hapa, dada. Usipige tena, unamsumbua bure."

Bernardine alikata. Akaizuia namba ile, akaketi kati ya vitambaa vyake akashona pindo moja mara nne, likatoka limepinda mara zote nne. Baba yake alipomletea habari ya Ndayisenga, mtu mpole mwenye mashine ya kukoboa mpunga Sange, hakuwa na nguvu ya kukataa. Mwezi wa tisa wakafunga ndoa.

Miezi mitatu baadaye, Josée, dada yake Itangishaka, alimkuta katika soko la Sange. Hakumsalimu.

"Alikuandikia meseji kwamba masikio yake yamekufa. Yule mwanamke aliyepokea simu yako ni muganga wake wa masikio, alimushauri akuambie ukweli wote. Haukujibu hata neno, na sasa amerudi Uvira. Minye nilifikiri uko na roho."

"Sikupata meseji yoyote," Bernardine akasema, na papo hapo akaikumbuka namba aliyoizuia.

Asubuhi yake alimwambia mumewe anakwenda Uvira kununua vifungo. Alimkuta Itangishaka ufukweni, ameketi karibu na wanawake walioanika ndagala, dagaa wa ziwani, amekonda, shati limemzidi mabega. Alipomwona alisimama, na uso wake ukafunguka kwa namna iliyomfanya Bernardine atake kurudi alikotoka.

"Umekuja," akasema kwa sauti kubwa mno, kama wasemavyo watu wasiosikia sauti zao wenyewe.

Bernardine akatoa simu aandike. Itangishaka akamshika mkono.

"Usiandike. Niangalie, sema polepole. Niko najifunza."

"Nimeolewa."

Akatikisa kichwa. "Sijakamata. Tena."

"Nimeolewa."

"Umelemewa?"

Hapo Bernardine alilisema neno lile kwa pumzi yake yote, na wanawake wote wa ndagala wakageuka. Itangishaka aliwaangalia wao kwanza. Katika nyuso zao ndimo alimoelewa.

Alikaa chini.

"Nilifikiri ulisoma," akasema, "ukaona kiziwi hafai."

"Nilifikiri una mwanamke."

Hilo alilikamata mara moja. Alitaka kucheka, ikashindikana.

"Bwana yako ni muntu muzuri?"

Bernardine akaitikia kwa kichwa. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mbaya.

"Basi kaa naye vizuri. Kitu kimoja tu nakuomba. Sema jina lako, nione namna linavyotoka mdomoni. Nimeanza kuisahau sauti yake."

Bernardine akalisema. Akamwomba tena, akalisema tena, machozi yakiingia mdomoni pamoja na jina, naye Itangishaka akiitazama midomo ile bila kupepesa. Mara ya tatu midomo ilitetemeka mno, hapakuwa na la kusoma. Bernardine akasimama, akafunga kitenge chake vizuri, akaenda barabarani kutafuta gari la Sange.