Saa ya Ofisini na Treni ya Saa Nne

Jumatatu, tarehe 18 Februari mwaka 2008, kulikucha na ukungu mzito kijijini Nampanda, wilaya ya Mbozi. Manyunyu yaliyoanza alfajiri yalikuwa hayajakoma wakati Ikupa anarudi na ndoo ya pili ya maji. Alimvalisha mdogo wake Lwitiko soksi ya mguu mmoja tu. Mguu wa pili ulikuwa umefungwa hogo, ile bandeji ngumu ya hospitali, kwa kuwa mtoto alizaliwa mguu umepinda. Kila baada ya wiki mbili mama yao alipanda naye treni kwenda Mbeya kubadilisha bandeji. Masika barabara ya Nampanda iligeuka tope tupu, na hakukuwa na njia nyingine rahisi ya kufika hospitali.

Baada ya kazi za nyumbani Ikupa alikimbia shule. Alikuwa darasa la sita, na siku hizo alikuwa na kazi ambayo wenzake walimwonea wivu. Wiki mbili zilizopita mtaalamu wa reli aitwaye Bwana Barnaba alikuja kuwaeleza habari ya programu mpya ya kompyuta.

"Reli yetu ni njia moja," aliwaambia. "Treni mbili zikikutana, moja lazima isubiri kwenye kituo chenye njia ya kupishana. Zamani mtu alipanga kwa rula na penseli kwenye karatasi kubwa kama meza. Sasa kompyuta itapanga ipi isubiri, wapi, na dakika ngapi. Lakini kompyuta haina macho. Inaamini kile inachoandikiwa."

Kituo cha Nampanda kilikuwa kilima cha kokoto tu, ng'ambo ya uwanja wa mpira wa shule, bila karani wala saa. Kwa hiyo Mwalimu Mkuu, Mwalimu Ferista, alimteua Ikupa, ambaye mwandiko wake ulisomeka, aandike kila siku treni ya abiria ilipofika na ilipoondoka. Kila asubuhi Ikupa alisimama kwenye baraza la ofisi, akaitazama treni ikitokea nyuma ya mibuni. Magurudumu yaliposimama aligeuka, akasoma saa ya ukutani kupitia dirishani, akaandika. Treni ilipoondoka aligeuka tena, akaandika. Hakukosa hata siku moja, hata siku ile mvua ilipomlowesha mpaka daftari.

Mchana wa Jumatatu hiyo Bwana Barnaba alirudi kwa pikipiki, suruali imejaa tope hadi magotini. Alifungua kompyuta yake mezani kwa Mwalimu Ferista na kumwita Ikupa. Kiooni kulikuwa na mistari mingi ya mshazari, kila mstari treni moja. Pale palipoandikwa Nampanda, mistari ilikuwa myekundu na ilirudi nyuma.

"Mwanangu," alisema Bwana Barnaba kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuchoka, "treni ya Jumatano iliondoka Vwawa saa nne na dakika arobaini. Kituo kinachofuata ni hapa kwenu. Wewe umeandika ilifika saa nne na dakika kumi na mbili. Yaani ilifika kwako kabla haijaondoka Vwawa?"

Ikupa alitazama kioo. "Mimi nimeandika nilichokiona, baba."

"Siku kumi, kila siku saa nne na dakika kumi na mbili. Ndiyo saa iliyoandikwa kwenye ratiba. Nimefanya kazi reli miaka kumi na tisa na sijawahi kuiona treni yenye adabu namna hiyo. Umenakili ratiba."

"Sikunakili."

"Ijumaa ninarudi. Ratiba mpya inafungwa Jumamosi. Nikikuta namba zisizo na maana, programu itapanga bila Nampanda, na treni itapita hapa bila kusimama. Sitaki iwe hivyo, lakini siwezi kuilisha kompyuta hadithi."

Ikupa alitoka kwa hasira. Alimfikiria mama yake akimbeba Lwitiko mgongoni, hogo linaning'inia, akipiga tope hadi barabara ya lami. Nje ya mlango Brayson, mwanafunzi mwenzake, alikuwa amesikia yote.

"Treni yako ina mabawa," alisema Brayson. "Inaruka tu kutoka Vwawa, puu, iko hapa."

"Niache, Brayson."

"Ninakuacha. Ila mwambie rubani wake asimame na kwetu."

Jumanne Ikupa alisimama mahali pake palepale. Treni ilikuja. Aligeuka, akasoma: saa nne na dakika kumi na mbili. Nusura aitupe kalamu. Alihesabu kwa sauti namba za kwenye saa kama mtoto wa chekechea, na bado ilikuwa saa nne na dakika kumi na mbili.

"Sikiliza," Brayson alimwambia wakati wa kwenda nyumbani, safari hii bila mzaha. "Wewe ongeza dakika. Leo weka ishirini, kesho arobaini, Alhamisi thelathini na tano. Wanataka treni ichelewe, basi icheleweshe. Nani atajua?"

"Huo ni uongo."

"Ukweli wako si umeshaitwa uongo? Sasa una hasara gani?"

Maneno hayo yalimwingia. Jioni, kabla jua halijazama, Ikupa alikaa kizingitini na karatasi mpya. Kwa penseli aliandika mistari mitatu: Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Siku mbili kati ya hizo zilikuwa hazijafika. Namba zilionekana nzuri, zenye kuchelewa kwa kutosha.

Mama yake aliita kwa ajili ya sala. Walipiga magoti pembeni ya kitanda cha Lwitiko. "Ee Mungu," aliomba mama, "umponye mtoto huyu mguu. Uwakumbuke wanaotupangia treni, uwape akili safi. Na sisi utupe mioyo isiyokuogopa kwa mdomo tu. Amina."

Lwitiko aliitika Amina. Ikupa hakuweza. Mama alimtazama, akaenda kuinjika chungu. Ikupa alichukua ufutio na kuifuta mistari yote mitatu kwa nguvu hata karatasi ikachubuka. Kisha akaomba peke yake, kwa ufupi: "Bwana, nimechoka kuitwa mwongo. Nionyeshe kilichoharibika."

Jumatano alibadilisha kitu kimoja tu. Badala ya kuitazama treni, aliipa mgongo na kuikodolea macho saa. Alijisemea kwamba treni ni kelele tupu, ataisikia hata akifumba macho. Saa ilionyesha saa nne na dakika thelathini na tano wakati honi ilipolia kwenye kona.

Mzee Yonasi, mlinzi wa shule na mpiga kengele, aliingia ofisini na kigoda chake. Alipanda juu yake taratibu, akachungulia dirishani mpaka kichwa cha treni kilipotokeza nyuma ya mibuni. Kisha akafungua kioo cha saa, akaurudisha mshale mrefu kwa kidole hadi dakika ya kumi na mbili, akafunga kioo, akashuka.

Ikupa alikimbilia dirishani. "Babu. Babu Yonasi, unafanya nini?"

"Marahaba," alijibu mzee, ingawa hakuna aliyemwamkia. "Ninairekebisha saa. Hii saa ni mkorofi, mjukuu wangu. Leo iko mbele, kesho iko nyuma. Tangu mwaka themanini na tisa ninaisahihisha kwa treni. Treni ndiyo yenye saa."

"Kila siku?"

"Kila siku ya Mungu."

"Babu, mimi ninaipima treni kwa saa hii, na wewe unaipima saa kwa treni. Sasa nani anapima nini?"

Mzee Yonasi aliketi kwenye kigoda. Aliitazama saa, akaitazama treni, akairudia saa, huku treni ikiondoka na Ikupa akikosa hata kuandika. "Ngoja kwanza," alisema hatimaye. "Kwa hiyo saa haikuwa mkorofi?"

"Haikuwa, Babu. Treni ndiyo ilichelewa."

"Miaka yote hiyo?"

Mwalimu Ferista, aliyekuwa akisahihisha madaftari mezani, alishika kichwa kwa mikono miwili. Watoto wangapi aliwafagilisha uwanja kwa kuchelewa, ilhali saa ndiyo iliyosogezwa? Brayson alipopata habari alidai arudishiwe siku zote alizofagia, na kwa mara ya kwanza hakuna mwalimu aliyemkemea. Mchana huohuo Mwalimu Ferista alirekebisha saa ya mkononi mwake kwa redio, akamvalisha Ikupa. Alhamisi treni ilifika saa nne na dakika arobaini na nane. Ijumaa, saa nne na nusu.

Bwana Barnaba alipofika Ijumaa mchana, Mwalimu Ferista aliwapanga wanafunzi wote mbele ya ofisi, maana jambo lenyewe lilikuwa limeshaihusu shule nzima. Ikupa alieleza habari ya saa. Kisha alimpa mtaalamu karatasi iliyochubuka.

"Na hapa, baba, nilifuta. Jumanne niliandika namba za kubuni, kwa sababu nilikasirika. Niliona nikisema kweli siaminiwi. Ya Jumatano sina, sikuandika kitu."

Bwana Barnaba aliiinua karatasi kwenye mwanga, akaona alama za penseli zilizobaki. Aliona kwamba mtoto anayekiri haya hakunakili zile namba za mwanzo. Alichukua karatasi ya zamani, ile ya siku kumi, akapitisha kidole chini taratibu.

"Kufika, dakika ya kumi na mbili. Kuondoka, ya kumi na nane. Kesho yake ya kumi na tisa. Kisha ya kumi na nane tena." Aligeuka kwa mzee. "Mzee wangu, baada ya treni kusimama, uliugusa tena ule mshale?"

"La. Nilikwenda zangu kupiga kengele."

"Basi muda wa kusimama ni wa kweli. Treni inasimama hapa dakika sita au saba, nasi kwenye ratiba tumeandika tatu." Aliketi barazani, akaingiza namba hizo pamoja na saa za Alhamisi na Ijumaa. Watoto walimzunguka mabegani. Mistari myekundu ilipotea mmoja mmoja. "Treni ya mizigo itasubiri Mlowo dakika saba, basi. Nampanda inabaki. Hicho ndicho nilichokitafuta, na kilikuwa mkononi mwangu tangu Jumatatu. Kama ungeniletea zile namba za kubuni, Ikupa, ningeitupa na hii karatasi ya kweli pamoja nazo. Nilikuita mwongo mbele ya mwalimu wako. Nakuomba radhi mbele ya shule yako."

Ikupa aliitikia kwa kichwa tu. Alikuwa anafikiria Alhamisi ijayo, siku ya Lwitiko kubadilisha bandeji.

Mwalimu Ferista aligeukia wanafunzi. "Mmeona. Mzee wetu hakudanganya, Ikupa hakudanganya, na bado namba zilikuwa na kosa. Mtu anaweza kukosea kwa nia njema, na kosa hilo linatengenezeka akijitokeza mkweli wa kulisema. Ila ukilifunika kwa uongo, hata anayetaka kukusaidia hatajua aanzie wapi. Andikeni mnachokiona, hata kama kinawaudhi."

Mzee Yonasi alikuwa amesimama nyuma ya wote, kofia mkononi. Alipita katikati ya watoto hadi mbele, akawatazama wanafunzi, walimu na yule mtaalamu wa reli.

"Mimi nitasema, na nyote mnasikia," alisema. "Kuanzia leo saa hii nitairekebisha kwa redio, Jumatatu asubuhi peke yake, na mtoto mmoja wa darasa la sita atakuwa amesimama hapo ananiangalia. Treni ikichelewa, nitaiacha ichelewe. Na siku nikikosea tena, nitakuja mwenyewe kulisema kosa hilo hapahapa nilipo, sitangoja mtoto anikamate. Mungu ananisikia, na ninyi pia."