Kichwa cha Kalista Hakinyolewi

Mtamba mmoja hakurudi zizini jioni ile, na Kalista akashukuru moyoni. Alikuwa amepata sababu ya kutoka. Nyumbani ndugu wa mumewe walijaa uani wakisubiri kesho, siku ya kunyoa nywele za msiba. Mwanawe Seni alikwenda vitani Uganda, na askari mwenzake aliyerudi majeruhi alisema alimwona akianguka. Mwili haukuonekana. Hata hivyo matanga yamekaliwa, kesho mama anyolewe, mambo yaishe. Yaishe kwa nani? Kalista alikuwa amechoka kulazimishwa kumlilia mtu ambaye hajamzika.

Akashika njia ya mbugani akimwita ng'ombe wake. Giza lilikuwa linaingia Usangu, walikohamia na mifugo yao. Vyura walipiga kelele kama kawaida... kisha wakanyamaza wote kwa pamoja.

Ikaja harufu. Chuma kilichoungua.

"Mwadila, mayu."

Salamu ya jioni ya Kisukuma, na kumwita mama kwa adabu, kama kijana wa nyumbani. Lakini aliyeitoa alikuwa mrefu kupita mlango wa nyumba yoyote, amevaa chuma tangu unyayo hadi utosi, na majani yaliyomzunguka yalikuwa yamekauka. Kalista alitaka kukimbia. Lakini salamu huitikiwa.

"Mwadila. Wewe nani?"

"Kamanda. Nakodiwa." Akanyoosha kidole kwenye nyota za kwanza. "Huko kuna vita. Bado havijafika kwenu, vitawakuta wajukuu wa wajukuu zako. Anayenilipa ndiye ninayempigania. Askari nawaokota kwenye vita vya zamani, kama hivi vyenu."

"Seni yuko wapi?"

"Kwangu. Amelala, haamki." Sauti ikashuka. "Mama yake hajanyoa."

Kalista akashika nywele zake kwa mikono miwili.

Kamanda akatoa wembe. Wembe wa kawaida, wa dukani.

"Nyoa hapa hapa, mayu, aamke awe wangu. Nitampa cheo. Hatazeeka."

"Na wewe... nani alinyoa kwa ajili yako?"

Kamanda akaushusha wembe. Ndani ya kile chuma kitu kilipumua kwa shida.

"Mama yangu alinyoa," akanong'ona. "Shinyanga. Alilia sana."

Kalista akamwonea huruma, kidogo tu. Kisha hasira ikampanda.

"Mama yako aliharakishwa! Mimi siharakishwi. Mrudishe mwanangu!"

Akaupiga ule wembe, ukaruka matopeni. Alipoinua macho, hakukuwa na mtu.

Asubuhi shemeji yake Nkuba alikuja na maji na sabuni, ndugu wengine nyuma yake.

"Shemeji, utatuletea mkosi ukoo mzima."

"Atakayenigusa kichwa, nitamng'ata vidole."

Wakaondoka wakisonya. Mumewe Masunga akahamia kula kwa kaka yake. Watu wakaanza kumwita mchawi, nywele zikarefuka, naye akapita katikati yao sokoni bila hata kujifunga kitambaa.

Mpunga ulipokwisha kuvunwa, Seni alishuka kwenye lori lililotoka Mbeya. Amekonda, lakini mzima! Waliomwita mama yake mchawi ndio walioongoza vigelegele. Kalista alimkumbatia, akalia kwa sauti, na shingoni mwa mwanawe akasikia harufu ya chuma kilichoungua.

Hakusema kitu mpaka wageni walipoondoka. Seni ndiye aliyeanza, akinong'ona juu ya sahani.

"Mama, Kamanda anakusalimu. Anasema hana haraka. Anasema kilichonirudisha ni kichwa chako tu, na wewe siku moja utakufa."

Kalista akausogeza ugali karibu. Akamkatia mwanawe tonge kubwa.

"Basi asubiri. Kula."