Niliwaruka Watoto wa Kaka Yangu

Nina miaka thelathini na moja, ninaishi Nyamianda, Uvira, mashariki mwa Kongo, na kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Wasomaji wenzangu, haya ninayowaandikia nayaonea aibu mpaka leo...

Mwaka jana baba mkubwa, kiongozi wa ukoo wetu kule Luberizi, aliniomba niuweke ukoo mzima kwenye tovuti. Nilivimba kichwa! Nilimpanga kila mtu na watoto wake ndani yake, na ndani ya hao watoto wao, kama sufuria zinazoingiliana.

Kisha akataka orodha moja, jina chini ya jina, ya kusomwa siku ya kugawa mashamba ya mpunga. Niliandika maagizo mafupi yanayojirudia yenyewe: chukua jina la mtu, ingia kwa watoto wake, fanya vilevile, mpaka watoto waishe. Nilianzia kwa watoto wanne wa babu, ambao wote wako hai.

Sasa, kwetu jina la marehemu halitajwi siku ya kugawa shamba. Basi nikaongeza mstari mmoja: ukimkuta aliyefariki, rudi. Mstari mmoja tu, jamani!

Kaka yangu ndiye pekee katika orodha hiyo aliyefariki akiacha watoto. Watatu. Programu ilipomfikia yeye ilirudi, na kwa watoto wake haikuingia kabisa. Mimi je? Niliona orodha ndefu, nikafurahi, wala sikuisoma.

Siku ya kugawa, Jumapili, baba mkubwa alisoma, na kila aliyeitwa aliitika. Shemeji yangu, mjane wa kaka, alikaa na wanawe wakingoja... Orodha ikaisha. Hawakuitwa!

Lazima mjue kwamba mtoto wake wa mwisho alizaliwa baada ya msiba, na midomo ya watu haikuwa imenyamaza kuhusu baba yake ni nani. Shangazi mmoja akacheka: "Kumbe hata mashini inajua!"

Shemeji akanigeukia. "Shemeji, batoto yangu beko wapi?"

Ningesema ngoja niangalie. Ni neno gumu hilo? Lakini watu wote walikuwa wananitazama, na kiburi kikanishika. Nikajibu: "Mashini haidanganyake, shemeji."

Hakulia. Aliwakusanya watoto, kesho yake akapanda nao milimani Lemera kwa wazazi wake.

Siku tatu baadaye nilikuwa narekebisha kitu kingine nikauona ule mstari. Ulipaswa kusema hivi: marehemu ruka jina lake tu, lakini kwa watoto wake ingia. Nilirekebisha kwa dakika mbili, na majina matatu yakatokea.

Na hapa ndipo nilipowasaliti kweli... Nilinyamaza! Wiki mbili nzima niliogopa kuchekwa, huku kipande cha watoto wale kikipewa mwingine, na yeye akipanda mpunga.

Mwishowe nilikiri mbele ya baba mkubwa. Akasema tungoje mavuno ndipo kipande kirudi kwa watoto, mpunga wa mtu haung'olewi. Nikapanda njia ya Lemera kwa miguu, nikapiga magoti mbele ya shemeji.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Kosa ya mashini nimeisamehe," alisema. "Lakini weye, shemeji, ulikuwa unabajua hawa batoto. Ulibabeba ku mugongo."

Nilimgeukia Neema, binti yake mkubwa, ambaye tangu aanze kusema ameniita papa mudogo, yaani baba mdogo. Alinipa mkono, akainamisha macho.

"Bonjour, monsieur," akasema kwa Kifaransa, kama anavyosalimiwa bwana mgeni.

Ndugu zangu mnaofanya kazi hii, nawaomba sana: orodha ikitoka, isomeni jina kwa jina, na mtafute wale mnaowapenda. Na mtu akiwauliza mbona hayumo, msiitetee mashine! Inukeni mbele za watu, mseme mmekosea, siku ile ile. Mimi nilichelewa wiki mbili, na nyumba ya kaka yangu mpaka leo imefungwa.